MSHINDANI ASIYERUHUSIWA KUSHINDA



Huenda ukastaajabu kuona katika kurasa hizi, ulizozizoea kwa mambo ya malezi na tabia njema, maneno juu ya mchezo wa kompyuta. Nakuomba uvumilie. Mchezo ni sehemu ya malezi, na anachojifunza mtoto mchezoni aghlabu hukichukua na kwenda nacho sokoni, kazini na hata katika ndoa yake. Kwa hiyo tunao wajibu wa kuutazama mchezo kama tunavyokitazama kitabu anachopewa mtoto kusoma: tuseme lililo zuri, tuseme lililo baya, tena tuseme kwa uadilifu.

Sababu ya makala haya ni safari niliyoifanya Kagerankanda, katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Dada yangu ameolewa huko na mwalimu, na sisi watu wa Tanga tukienda kumtazama ndugu wa bara tunajua safari si ya siku moja. Ni treni mpaka Kigoma, kisha basi la kupanda milima mpaka Kasulu, kisha gari jingine tena. Huko juu hewa ni ya baridi, mahindi na maharage yamestawi, na usiku mtu hujifunika blanketi mbili. Nyumba ya dada ina taa za sola, na kwa taa hizo mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na minne, hukesha mbele ya kompyuta mpakato iliyoachwa na kaka yake.

Usiku wa pili wa ugeni wangu alinisogelea akaniuliza: "Mjomba, nifanyeje kompyuta isinishinde?"

Nilidhani ananiuliza juu ya masomo. Kumbe ni mchezo uitwao Civilization, toleo la sita, lililotoka mwaka 2016. Alikuwa ameshindwa mara tatu mfululizo. Kabla sijamjibu, alikuwa amekwisha kupata dawa kwa rafiki yake wa shule, nayo ndiyo nitakayoizungumza hapa.

MCHEZO WENYEWE

Kwa msomaji asiyeujua, mchezo huu huchezwa kwa zamu, kama bao letu au sataranji. Kila mchezaji hupewa taifa. Huanza na walowezi wachache katika zama za kale, hujenga mji, hulima, hufanya biashara, husoma elimu, hupigana, na zamu baada ya zamu hufika zama zetu na kuzipita. Mtu mmoja huweza kucheza peke yake, na mataifa mengine yote yakaendeshwa na kompyuta.

Njia za kushinda ni kadhaa. Ipo ya vita, nayo ni kuteka miji mikuu ya asili ya mataifa mengine yote. Ipo ya elimu, kupeleka vyombo anga za mbali. Ipo ya utamaduni, kuvuta watalii. Ipo ya dini, kuifanya dini yako ifuatwe na miji iliyo mingi ya kila taifa. Mwaka 2019 iliongezwa ya diplomasia, kwa kura za baraza la dunia. Na ikiwa hakuna aliyeshinda mpaka zamu zimalizike, ambazo kwa mwendo wa kawaida ni 500, basi zinahesabiwa alama.

Sina budi kusema kweli: ni kazi ya ustadi. Mtoto aliyeucheza anajua kwamba mji bila maji ya mto hauendelei vizuri, na kwamba vita huila hazina. Tena Kiswahili chetu kimo katika khabari zake. Toleo la nne, la mwaka 2005, lilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili uitwao "Baba Yetu", ambao maneno yake ni sala ya Wakristo, uliotungwa muziki wake na Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na haikuwahi kabla ya hapo kupatwa na muziki wa mchezo wa kompyuta. Lugha yetu ilifika mbali kwa njia hiyo, na si vibaya kulijua hilo.

DAWA YA MPWA WANGU

Sasa tuje kwenye dawa. Kabla ya kuanza, mchezo huonyesha orodha ya njia za ushindi, na kila njia ina alama yake. Mchezaji huweza kuifuta alama ya njia asiyoipenda, ikawa haimo katika mchezo huo. Mpwa wangu, kwa kuwa alishindwa kwa elimu, alifuta elimu. Aliposhindwa kwa utamaduni, akafuta utamaduni. Mwishowe akafuta zote, hata ile ya hesabu ya alama, kisha akalishusha daraja la kompyuta mpaka chini kabisa. Akaniambia kwa furaha: "Sasa haiwezi kunishinda tena!"

Nikamwuliza: "Na wewe, utaishinda kwa njia gani?"

Akanyamaza. Kwani sharti lenyewe ndivyo lilivyo: alama ikifutwa, imefutwa kwa wote. Aliyemfungia mwenzake mlango wa elimu amejifungia na yeye. Alikuwa na ufalme mkubwa, wenye miji kumi na saba, na hapakuwa na kitu cha kuufanyia isipokuwa kubonyeza zamu nyingine, na nyingine, na nyingine tena. Usiku ule alibonyeza mpaka betri ya sola ikaisha. Alfajiri baba yake alimgonga mara tatu, naye akaamka jua limekwisha chomoza.

Hapa ndipo ninapoanza hukumu yangu, ewe msomaji, nami nitaigawa mafungu.

Kwanza, mwisho wa mchezo ni rehema kwa mchezaji. Bao huisha. Safu ya mbele ya mmoja ikimalizika kete, au akikosa pa kucheza, mchezo umekwisha, watu wanacheka, wanainuka, mwadhini anawakuta wako tayari. Mchezo ambao hapana awezaye kuushinda hauna adhana ya kumwinua mtu. Watengenezaji wa Civilization wanaujua udhaifu huu wa binadamu, kwani hata baada ya mtu kushinda humwekea kitufe cha kumshawishi acheze zamu moja tu zaidi. Aliyefuta njia zote za ushindi amejitia katika zamu hiyo moja zaidi tangu mwanzo. Imam an-Nawawi ameieleza sataranji, katika madhehebu yetu ya Shafii, kuwa ni makruhu, na kwamba ikiambatana na kamari au kupoteza Sala huingia katika haramu. Sataranji ya mabao na farasi na hii ya umeme hazitofautiani katika jambo hilo. Mwenye kupima apime kwa saa ya Sala.

Pili, kumzuia mshindani kuna namna mbili, na watu huzichanganya. Namna ya kwanza ni kumjua. Mtazame mcheza bao hodari. Mbele yake pana mashimo 32 na kete 64. Katika namua, kila mtu akiwa bado ana kete mkononi, hodari hatazami mashimo yake peke yake. Huhesabu ya mwenzake: akiingiza hapa atakula wapi, akila atazunguka mpaka wapi, nyumba yake itavunjika au itabaki. Kisha huziondoa kete zake pale zitakapoliwa. Amemzuia mwenzake kwa kumsoma. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa bao wa Unguja akaandika juu yao tasnifu huko Leiden mwaka 1995, na alichokuwa akikitafuta ni mipaka ya akili ya mwanadamu. Hebu fikiri: mtu atoke Ulaya kuja kutafuta kipimo cha akili katika ubao wa barazani kwetu!

Namna ya pili ni kumnyima haki ya kushinda. Hiyo haihitaji kumjua. Haihitaji hata kumtazama.

Mpwa wangu angeweza kuizuia kompyuta kwa namna ya kwanza, na mchezo wenyewe umempa vyombo. Kuna ukurasa unaoonyesha kila taifa limefika wapi katika kila njia. Taifa likikaribia kurusha roketi, hutumwa jasusi kwenye kituo cha kurushia akavuruga kazi. Taifa likivuta watalii, dawa ni kuustawisha utamaduni wako, kwani wenye utamaduni wao kwao ni vigumu kuvutwa. Taifa likitafuta kura za baraza, unakwenda barazani nawe ukapiga kura. Likieneza dini, unailinda miji yako na wahubiri wake. Nilimwuliza kama aliwahi kuufungua ukurasa ule. Alisema hakuwahi. Alishindwa mara tatu na mtu asiyemtazama, kisha akamlaumu kwa kushinda.

Je, hatuwajui watu wazima wa namna hii, ndugu msomaji? Mwenye duka anayemwombea jirani yake anyimwe leseni, ilhali hajapata kuuliza kwa nini wateja wanakwenda kule. Mume anayekataza mkewe asiseme katika shauri la nyumba, kisha akajisifu kwamba hapingwi. Ushindi wa watu hawa ni kama ufalme ule wa miji kumi na saba.

UADILIFU KWA UPANDE WA PILI

Wala nisimdhulumu mtoto. Yako mambo mawili ya kumtetea.

La kwanza ni kwamba kompyuta nayo haichezi sawa. Mchezo una madaraja manane. Mtu hudhani kwamba akipanda daraja anakutana na akili kubwa zaidi. Sivyo. Kwa sehemu kubwa akili ni ile ile, isipokuwa kompyuta hupewa zawadi. Katika daraja la juu kabisa, ambalo wamelipa jina la uungu, na jina hilo hatulipendi, kompyuta huanza na walowezi watatu pale ambapo mtu huanza na mmoja. Huo ni mzani wenye jiwe chini yake. Anayekataa kucheza hapo hana lawama. Lakini dawa ya mzani mbovu ni mzani ulio sawa, nao upo: katika daraja la nne, lile la mwana wa mfalme, kompyuta haipati zawadi hizo na wala mtu hapati. Mpwa wangu alitoka katika dhulma ya kudhulumiwa akaingia katika dhulma ya kudhulumu, akapita daraja la haki bila kusimama.

La pili ni kwamba mwanafunzi hupunguziwa. Hata sisi tunalo bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbili mbili tangu mwanzo, ili mtoto asichanganyikiwe na namua. Baba hucheza na mwanawe akamwachia. Hapo pana huruma, na wote wawili wanajua kwamba ni kuachiwa. Ubaya huingia pale mtu anapoachiwa kisha akajiita bingwa.

Na iko njia moja ya ushindi ambayo mimi mwenyewe, kama mzazi, nimeikubali ifutwe: ile ya dini. Humo wahubiri wa dini mbili hupigana kwa radi mpaka mmoja akaangamia, na dini huhesabiwa kwa miji kama ng'ombe zizini. Sisi tunafundishwa kwamba hapana kulazimishana katika dini, na sitaki mtoto azoee kuiona imani kuwa ni njia ya kuwashinda watu. Lakini angalia tofauti: hii tumeiondoa kwa sababu haifai, na tungeiondoa hata kama mpwa wangu ndiye anayeshinda kwayo. Hicho ndicho kipimo. Ukitaka kujua kama sharti unaloliondoa ni baya kweli au linakuudhi tu, jiulize ungeliondoa siku unayoshinda?

ZANZIBAR NDANI YA MCHEZO

Sasa nikuonyeshe, msomaji wa pwani, jambo lililonigusa zaidi.

Katika mchezo huu mna miji midogo isiyokuwa mataifa makubwa. Huendeshwa na kompyuta, hufanya biashara, huwa na askari wake, lakini masharti hayairuhusu kushinda kwa njia yoyote. Haina alama ya kufuta wala ya kuweka. Mmoja wa miji hiyo ni Zanzibar. Taifa kubwa hutuma wajumbe Zanzibar. Likiwa na wajumbe wasiopungua watatu, tena wakazidi wa wengine wote, huwa ndilo bwana wake, na hupata mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo hazipatikani kwingine, zikafurahisha raia wake.

Tena Kilwa Kisiwani imo, tangu mwaka 2018, lakini imewekwa katika majengo ya ajabu. Taifa lolote lenye ardhi ya kufaa kando ya bahari huweza kuijenga kwake.

Nilipoyaona haya niliweka kikombe cha chai chini. Kilwa ambayo Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 akaisifu, ambayo Wareno waliivamia mwaka 1505, leo ni jengo la kupamba mji wa mwingine. Na Zanzibar iliyowekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, ikakaa chini yake mpaka 1963, imewekwa tena chini ya bwana, safari hii kwa masharti ya mchezo. Sisemi kwamba waliotengeneza walikusudia kututukana. Naamini walitaka kuipamba kazi yao kwa majina mazuri, na wengine wa Afrika, kama Kongo na Mali, wamepewa mataifa kamili. Lakini nilimwambia mpwa wangu: "Unaona? Wewe umefuta njia za ushindi za wenzako kwa sababu ulichoka kushindwa. Huyu hapa, mji wa mababu wa mama yako, naye amefutiwa. Unaonaje?"

Akasema: "Si haki."

Nikamwambia basi hilo ndilo neno nililolisafiria kutoka Tanga.

THAMANI YA USHINDI

Huenda ukasema: kompyuta haina roho, haioni uchungu ikinyimwa. Ni kweli. Hasara haiko kwake, iko kwetu. Mwaka 1997, huko New York, mashine iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka 2016, mjini Seoul, programu ya AlphaGo ilicheza michezo mitano ya Go na bingwa wa Korea, Lee Sedol, ikashinda minne. Mmoja alishinda yeye, na watu wanaukumbuka mchezo huo mmoja kuliko ile minne. Kwa nini? Kwa sababu mbele yake palikuwa na mshindani aliyeweza kumshinda, na alikuwa amekwisha mshinda mara tatu. Lau AlphaGo ingekatazwa kushinda, mchezo ule wa nne usingekuwa na thamani ya kete moja ya komwe.

Jioni ya siku ya nne nilimtoa kijana nje. Jirani yao, mzee wa makamo ya babu yake, hucheza bao chini ya mwembe baada ya kutoka shambani. Kwa ubao wa namna hiyo, wenye safu nne, hucheza pia jirani zetu: omweso huko Uganda, na igisoro Burundi na Rwanda, ng'ambo ya mpaka. Mzee akampa kijana nafasi, akamshinda mkononi, yaani kete za namua hazijaisha. Kijana akataka kuondoka. Mzee akamwambia: "Kaa, baba. Umeliwa kwa sababu hukutazama huku kwangu." Akamrudishia kete zake, wakaanza tena. Akaliwa tena, lakini safari hii alifika mtaji.

Kwa hiyo nasaha zangu kwa wazazi ni hizi. Usimwambie mtoto atupe kompyuta, kwani ataicheza kwa jirani. Kaa naye uulize: sharti gani umeliondoa, na kwa nini? Mwekee daraja la haki, lisiwe la kumwonea wala la kumdekeza. Mwekee mwisho wa mchezo kabla ya Sala, tena mwisho wa kweli. Na umweke mbele ya mtu mwenye pumzi, mara kwa mara, ambaye humshinda na kumrudishia kete.

Usiku wangu wa mwisho Kagerankanda, mpwa wangu alizirudisha alama zote isipokuwa ile ya dini, akapandisha daraja mpaka la nne, akauanza mchezo upya. Hakuumaliza nikiwapo. Nilipofika Tanga, baada ya majuma mawili, alinipigia simu. Alikuwa ameshindwa na Warumi, kwa elimu. Nilisubiri kusikia kwamba amezifuta tena.

"Mjomba," akasema, "ule ukurasa nilikuwa naufungua. Lakini jasusi nilimtuma akachelewa. Ningemtuma zamu gani?"

Nikamwambia mimi sijui, amwulize babu wa chini ya mwembe, maana yeye ndiye ajuaye kuhesabu. Kisha nikamwuliza kama amesali Alfajiri kwa wakati wake. Alisema ndiyo, mchezo ulikwisha kabla ya Isha.

Wabillahi tawfiq.